Kodi ya Nyumba na Msamaha wa Mawindo

Kodi ni jambo la zamani katika maisha ya binadamu, na malalamiko juu ya kodi ni ya zamani vile vile. Lakini historia ya kodi huandikwa mara nyingi kwa upande mmoja tu. Twaelezwa nani alitozwa, kiasi gani alitozwa, na mwaka gani alianza kutozwa. Ni mara chache kuelezwa nani alisamehewa, na kwa hoja gani alisamehewa. Makala hii yakusudia kutazama upande huo wa pili. Jambo lenyewe ni uwindaji wa kujifurahisha, na mahali pa kulitazamia ni Kimwani, nchi ya kusini mwa Muleba katika mkoa wa Kagera, iliyo jirani na ziwa Burigi na mapori yake. Msomaji asishangae ikiwa safari yetu itaanza katika vibanja vya migomba na kufika hata katika baraza la kodi la Marekani. Mnyama aliyeuawa Afrika amewahi kupunguza kodi ya tajiri ng'ambo ya bahari, na kisa hicho kina mafunzo kwetu.

Tuanze na zamani za watawala wenyeji. Katika falme za maziwa makuu, na Buhaya ikiwa miongoni mwake, mawindo hayakuwa mali ya mwindaji peke yake. Mhaya aliyekwenda porini aliingia katika milki ya Irungu, mzimu wa msitu na wanyama, na kwa hiyo alikuwa na wajibu wa heshima kabla ya kutupa mkuki. Aliporudi alikuwa na wajibu wa pili kwa Mukama, yaani mfalme. Katika nyingi za falme hizo pembe moja ya ndovu ilikuwa haki ya mtawala, na ngozi ya chui haikuvaliwa na kila apendaye. Huo ulikuwa ushuru. Twaweza kuulaumu kwa kuwa ulimnenepesha mkubwa, lakini maana yake ilieleweka na kila mtu: aliyefaidi kitu cha nchi aliitolea nchi sehemu ya faida yake.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliufuata utaratibu huo bila ya kuamrishwa. Mwezi wa Novemba 1861, John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Speke alikuwa mpenda kuwinda kupita kiasi. Alipowaua vifaru katika nchi ile, vichwa vyao vilipelekwa kwa Rumanyika ili avione. Tukikumbuke kitendo hicho, kwa maana tutakihitaji baadaye: mgeni aliwinda kwa furaha yake, akatoa vichwa kwa mwenye nchi, na gharama za safari yake zikabaki juu yake na juu ya wale waliomtuma.

Mambo yalibadilika walipokuja Wadachi. Emin Pasha alijenga boma la Bukoba mwaka 1890, na baada ya miaka michache sheria mbili zilitolewa ambazo yafaa kuzisoma pamoja. Ya kwanza ilikuwa sheria ya wanyama ya Gavana Hermann von Wissmann, ya Mei 1896, iliyoweka vibali vya kulipiwa kwa uwindaji na kutenga sehemu za hifadhi. Ya pili ilikuwa sheria ya kodi ya nyumba, ya Novemba 1897, iliyoanza kutumika mwaka 1898. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Kodi haikuenea siku moja katika nchi nzima, nayo katika nchi za mbali kama Buhaya ilikusanywa kwa mikono ya watawala wenyeji, lakini mwelekeo wake ulikuwa mmoja kila mahali.

Sheria ya kwanza ilimwambia mtu wa kijijini kwamba mnyama aliyekuwa akimwinda kwa chakula, au kumfukuza katika migomba yake, sasa yuko chini ya serikali. Sheria ya pili ilimwambia kwamba paa analolalia lina deni. Hazikuandikwa na mkono mmoja wala kwa nia moja, lakini zilikutana katika mwili wa mtu mmoja. Njia yake moja ya kujipatia kitoweo na ngozi ilizibwa, na papo hapo akatakiwa kutafuta fedha ambayo hakuwa nayo. Katika Buhaya fedha hiyo ilitafutwa katika kahawa. Buni ambayo zamani ilitafunwa na kupewa mgeni kwa heshima ikawa bidhaa ya kulipia kodi.

Waingereza walipoichukua nchi waliendeleza mambo yote mawili. Sheria ya kuhifadhi wanyama ilitolewa mwaka 1921, na sheria ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Mwenye nyumba alilipia nyumba. Mwenye wake wengi aliweza kulipia nyumba zao pia. Kijana asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Asiyeweza kulipa aliweza kufanyizwa kazi badala ya fedha. Katika mpango huo wote hapakuwa na neno gharama. Mkulima hakuulizwa amenunua majembe mangapi, wala ametumia nini kumtibu mtoto wake, wala migomba mingapi imeangushwa na upepo. Kodi ilitazama paa na kichwa, haikutazama mapato.

Kodi ya mapato, ambayo humruhusu mtu kutoa gharama zake kwanza ndipo ahesabiwe kilichobaki, ilianza Tanganyika mwaka 1940. Iliwahusu hasa wenye mishahara mikubwa na wenye biashara. Kwa hiyo kati ya 1898 na 1940, miaka 42 kamili, mtu aliyekuwa na kidogo ndiye aliyetozwa moja kwa moja juu ya kuwapo kwake, na baada ya hapo kodi ya kichwa haikumwondokea upesi. Ilibadilishwa majina na vipimo. Baada ya uhuru ilifutwa mwaka 1969, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo mwaka 1983, na ilifutwa tena mwaka 2003. Wazee wengi wa Muleba na Bukoba waliifahamu kodi kwa sura hiyo tu, yaani karatasi ya risiti ambayo mtu asiyekuwa nayo alijificha apitapo mgambo.

Sasa tuvuke bahari. Nchini Marekani kodi ya mapato ya kudumu ilianza mwaka 1913, na mwaka 1917 sheria iliruhusu mtu apunguze katika mapato yake thamani ya vitu alivyotoa kwa shule, makanisa, hospitali na nyumba za makumbusho. Nia ilikuwa njema: mtu atoaye kwa manufaa ya wote asitozwe kodi juu ya kile alichokwisha kukitoa. Kabla ya hapo uwindaji na makumbusho vilikuwa vimekwisha kufunga ndoa. Theodore Roosevelt, alipotoka katika urais mwaka 1909, alikuja Afrika ya Mashariki na msafara ulioshirikiana na makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Waliteremka Mombasa, wakapita Kenya na Uganda, wakatokea Khartoum mwaka 1910, wakiwa wamekusanya vielelezo zaidi ya 11,000 vya wanyama, ndege, wadudu na mimea. Hapana shaka wataalamu walifaidika. Lakini tangu siku zile ilionekana kwamba jina la elimu laweza kuifunika starehe, nayo starehe ikapata heshima.

Matajiri wa Marekani walijifunza mapema kwamba kodi ya mapato ina mlango wa nyuma. Mtu mwenye benki au duka kubwa mjini alinunua shamba zuri la farasi au ng'ombe, akaenda huko Jumamosi kupanda na kupumzika, kisha akaandika hasara ya shamba lile katika hesabu zake ili kodi ya faida ya mjini ipungue. Bunge lilijaribu kuuziba mlango mwaka 1943, likajaribu tena mwaka 1969 kwa sheria isemayo kwamba shughuli isiyokusudiwa kuleta faida haiwezi kutoa hasara ya kupunguza kodi ya mapato mengine. Hata hivyo palibaki mabishano juu ya nia ya mtu. Nani ajuaye kama mwenye farasi anatafuta faida au anatafuta upepo? Sheria ikaweka alama za nje. Kwa kipimo kilichowekwa mwaka 1986, shughuli ikipata faida katika miaka 3 kati ya 5, au kwa farasi miaka 2 kati ya 7, hudhaniwa kuwa ni biashara mpaka serikali ionyeshe vinginevyo.

Katika mazingira hayo ndipo ulipozaliwa mpango ambao ndio kiini cha makala hii. Mwindaji wa Marekani alisafiri Afrika, akaua nyati, palahala au tandala, akazirudisha ngozi na pembe nyumbani, akamlipa fundi azijaze na kuzisimamisha kama mnyama hai. Kisha akampa mnyama yule makumbusho, na kuomba punguzo la kodi kwa thamani yake. Kufika hapo hakuna kosa. Hila ilikuwa katika neno thamani. Wathamini waliojitokeza kuwahudumia wawindaji hawa hawakuuliza mnyama kama huyo huuzwa kwa bei gani sokoni. Waliuliza: je, mtu akitaka kumpata mwingine kama huyu, itampasa kutumia kiasi gani? Jibu likawa gharama ya safari nzima: ndege, kambi, kiongozi wa uwindaji, vibali, wapagazi na chakula.

Tufanye hesabu ya mfano ili jambo lieleweke. Mwindaji ametumia dola 20,000 katika safari. Mnyama aliyejazwa huuzwa mnadani kwa dola 1,000. Mtu huyu yumo katika daraja la kodi la asilimia 35. Kama angehesabiwa kwa bei ya soko, zawadi yake ingempunguzia kodi ya dola 350. Akihesabiwa kwa gharama ya safari, anapunguziwa dola 7,000. Serikali imepoteza dola 7,000 ili makumbusho yapate kitu cha dola 1,000. Anayezifidia ni mlipa kodi mwingine, mwalimu au seremala, ambaye hakualikwa katika safari ile. Ndivyo mpango ulivyotangazwa kwa wawindaji: winda, toa, na sehemu ya gharama zako zirudi.

Makumbusho gani yalipokea zawadi hizo? Yapo yaliyokuwa ya kweli. Lakini mwaka 2005 gazeti la Washington Post, likifuata uchunguzi wa chama cha kutetea wanyama, lilieleza habari za makumbusho madogo ya jimbo la Nebraska yaliyokuwa na mamia ya wanyama waliojazwa, wengi wao wakiwa wamerundikwa ghalani ambapo hapakuwa na mtazamaji. Sheria ya wakati ule ilitaka mpokeaji atoe taarifa kwa mamlaka ya kodi akiuza zawadi kabla ya miaka 2 kupita. Baada ya muda huo hakudaiwa taarifa. Kwa hiyo mnyama aliweza kukaa gizani miaka miwili, kisha akauzwa kwa bei ndogo, ilhali katika karatasi za kodi bei yake ilikuwa kubwa mara nyingi.

Seneta Charles Grassley wa Iowa, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti, aliufuatilia mchezo huo. Mwezi wa Agosti 2006 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria kubwa ya pensheni, na ndani yake palikuwa na kifungu kuhusu wanyama waliojazwa. Kifungu chasema kwamba mtu aliyemjaza mnyama, au aliyelipa ajazwe, ahesabiwe gharama ya kuandaa, kujaza na kusimamisha tu, au bei ya soko, ile iliyo ndogo. Gharama za safari hazimo. Kwa maneno machache mwanya ukazibwa kwa wazawadiaji wa baadaye.

Kesi za zamani ziliendelea. Mwaka 2017 mahakama ya kodi ya Marekani ilitoa hukumu juu ya mwindaji aliyekuwa ametoa mwaka 2006 vielelezo 177, vingi vikiwa mabaki ya pembe, mafuvu na ngozi, na ambaye aliomba punguzo la zaidi ya dola milioni 1.4. Mthamini wake alitumia hoja ile ile ya gharama ya kuwapata wengine. Mahakama iliikataa. Ilisema kwamba vitu kama hivyo vina soko, na penye soko bei ya soko ndiyo thamani. Mwindaji alibaki na punguzo la dola 163,045 ambalo mamlaka ya kodi ilikuwa imekwisha kulikubali. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo kipimo cha hila yenyewe.

Msomaji wa Bukoba aweza kuuliza: hasara ni ya hazina ya Marekani, sisi twalilia nini? Tena ataongeza kwamba wawindaji wale walilipa vibali kwetu, na fedha yao ililinda mapori. Swali hili ni la haki, nalo lahitaji jibu la haki. Tanzania ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978 chini ya shirika la serikali, TAWICO, na baadaye vitalu vikagawiwa makampuni. Mgeni anayetaka simba au ndovu hulazimika kununua safari ya siku 21, na kwa kila mnyama hulipa ada. Kulipa ada si aibu. Ni kufanya alivyofanya Speke kwa Rumanyika, kutambua kwamba nchi ina mwenyewe.

Lakini tuyapime majina yaliyotumika. Mkulima wa Kimwani aliyemuua nguruwe mwitu au swala bila kibali aliitwa jangili. Mgeni aliyemuua kwa raha aliitwa mwanamichezo. Mgeni huyo alipozipeleka pembe ghalani Nebraska aliitwa mfadhili wa elimu, na serikali yake ikamrudishia fedha. Kitendo ni kimoja, kuua mnyama. Majina ni matatu, na kila jina lina bei yake. Mkulima alilipa kwa faini au kifungo, mwanamichezo alilipa ada, mfadhili alilipwa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Msamaha wa kodi hauoti kama uyoga. Huundwa na mtu aliye karibu na kalamu, na mtu aliye mbali na kalamu hujikuta ameachiwa deni.

Ndiyo maana nimeanza na kodi ya nyumba. Katika miaka yote ile hakutokea mthamini wa kumwambia mkulima wa Muleba kwamba shoka, jembe na mgongo wake ni gharama za kutoa katika hesabu. Maisha yake yalihesabiwa kuwa mapato hata alipokuwa hana kitu, na starehe ya mwingine ilihesabiwa kuwa gharama hata ilipokuwa starehe tupu. Hapo ndipo palipo na dhuluma ya kodi, kuliko katika ukubwa wa kiasi. Mtu huvumilia mzigo mzito akiona jirani naye amejitwika. Huchukia hata mzigo mwepesi akiona jirani amepandishwa juu yake.

Sheria yetu wenyewe imejifunza kitu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hukubali gharama zilizotumika kwa ajili ya kupata mapato tu, na hukataa waziwazi matumizi ya mtu binafsi. Zawadi kwa mashirika ya hisani huruhusiwa, lakini kwa mfanyabiashara haziwezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Hasara ya kilimo haichukuliwi kupunguza faida ya duka. Hungoja faida ya kilimo. Kwa hiyo mwenye maduka mjini anayefuga farasi wawili kijijini, au anayenunua mashua ya kuvulia samaki siku ya Jumapili katika ziwa Viktoria, hana haki ya kuifanya raha yake kuwa hasara ya taifa. Akijitokeza mshauri na kumwambia kwamba ipo njia ya kuandika safari ya mbugani kuwa utafiti wa biashara, na mashua kuwa ofisi, amwulize swali moja: kama jambo hili ni halali, mbona unanitoza sehemu ya kodi niliyookoa badala ya ujira wa kazi yako? Wauzaji wa mipango hiyo hawapo siku mkaguzi anapobisha hodi. Aliyetia sahihi ndiye anayejibu.

Mapori ya Kagera nayo yamebadilika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato, na katika hifadhi ya taifa hakuna ruhusa ya kuwinda, awe mwenyeji au mgeni, kwa njaa au kwa mchezo. Watu waishio kandokando yake wamepata majirani wapya na masharti mapya: wapi mifugo isipite, kuni zisikatwe, nyavu zisitupwe. Masharti hayo ni kodi ya namna nyingine, isiyo na risiti. Kama twataka yaheshimiwe, yafaa faida ya watalii ionekane katika shule, zahanati na njia za vijiji hivyo. Mtu akiona sehemu yake ya pembe ikirudi barazani, atailinda ndovu.

Historia haikutupa sababu ya kuchukia furaha ya mtu. Kuwinda, kuvua, kupanda farasi na kutembea porini ni mambo ambayo binadamu ameyapenda tangu zamani, na mwenye uwezo na ayafanye kwa kadiri sheria iruhusuvyo. Analotakiwa ni kulipia furaha yake kwa fedha yake mwenyewe. Irungu alidai heshima kabla ya mkuki kutupwa, na Mukama alidai pembe baada ya mawindo. Hakuna hata mmoja wao aliyemlipa mwindaji fidia ya viatu alivyochakaza njiani.